Chapa tatu za dinosaria, rafu moja: ipi ipewe nafasi?

"Nina duka dogo la vitu vya kuchezea watoto, na nimetenga rafu moja tu kwa ajili ya sanamu za dinosaria. Kwa miaka minne nimeuza za kampuni moja, na zimeniendea vizuri. Mwaka huu amenijia wakala wa sanamu zenye jina la filamu, anataka nichukue mzigo mkubwa na nimpe nusu ya rafu. Wakala mwingine ananiambia sanamu zake ndizo za kisayansi na kwamba zangu zimepitwa na wakati. Wakati huohuo duka la jirani linauza mfuko mzima wa dinosaria wasio na jina kwa bei ya sanamu yangu moja. Juzi mteja alinirudishia Velociraptor akidai amekosewa kwa sababu ana manyoya, na Tyrannosaurus wangu wa maonyesho ameanza kuinama mbele. Je, niziweke chapa zote zishindane, au nibaki na moja? Na nani kati yao anasema kweli?"

Ndugu muuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kujibu, kwa sababu nyuma ya suala la rafu naiona hofu ninayoifahamu vizuri. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchagua vitu vya kuchezea kwa niaba ya maduka, na wenye maduka madogo karibu wote huogopa jambo lile lile: kwamba wakikosea chapa moja, mtaji utalala rafuni na wateja watahamia kwa jirani. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo naona kwamba mawakala wako wote wawili wamekuaminisha kuwa chapa hizi zinamgombea mteja mmoja, na kwamba moja ikishinda nyingine lazima ife. Sivyo zinavyofanya kazi, na ni vyema tuanzie hapo, kwa kuwa uamuzi kuhusu rafu unategemea jambo hilo.

Kuna ukweli mmoja ambao mawakala hawana haja ya kukueleza: Tyrannosaurus hana mwenyewe. Mwanasayansi wa Marekani Henry Fairfield Osborn alimpa mnyama huyo jina mwaka 1905, na tangu hapo jina hilo ni la kila mtu. Kampuni inaweza kumiliki umbo ililolichonga yenyewe, alama yake ya biashara, au haki ya kutumia jina la filamu. Haiwezi kummiliki mnyama. Kwa vitu vingine vya kuchezea mambo ni tofauti kabisa, kwani mtoto akimtaka mhusika fulani wa katuni, mzazi hana budi kuununua mdoli wa kampuni yenye haki hiyo. Kwa dinosaria, mtoto akimtaka Triceratops, kampuni kumi zinaye. Ndiyo maana ukifungua katalogi yoyote utakutana na wanyama wale wale: Tyrannosaurus, Triceratops, Stegosaurus, na yule mrefu wa shingo. Kwa kuwa mnyama mwenyewe hawezi kugombewa, kampuni zimelazimika kutafuta mambo mengine ya kugombea, na kila moja imejichagulia lake. Moja hugombea kwa jina la filamu, nyingine kwa usahihi wa kisayansi, nyingine kwa nafasi nzuri dukani, na ile isiyo na jina hugombea kwa bei peke yake.

Tuchukue kwanza sanamu za filamu. Filamu ya Jurassic Park ilipotoka mwaka 1993, kampuni ya Kenner ndiyo iliyokuwa na haki ya kutengeneza vitu vyake vya kuchezea. Baadaye haki hiyo ikawa mikononi mwa Hasbro, na tangu 2018 sanamu za Jurassic World, mwendelezo wa filamu hiyo, hutengenezwa na Mattel. Anayenunua sanamu hizi ananunua mhusika aliyemwona akikimbia na kunguruma kwenye skrini, na sehemu ya fedha anayolipa huenda kwa wenye filamu kama mrabaha. Zishike mkononi utaona pia kwamba ni aina nyingine ya kitu: nyingi zina maungio ya miguu na shingo, baadhi zina kitufe cha kutoa sauti au cha kufumbua taya, na plastiki yake ni ngumu na yenye uwazi ndani. Sanamu unazouza wewe, nikikisia kwa maelezo yako, ni za kipande kimoja zisizopinda. Mtoto anayetaka kupiganisha dinosaria zulia zima atafurahia ile yenye maungio, na yule anayewapanga kwa safu dirishani atataka isiyopinda. Watoto hawa wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na bado wewe ukawauzia vitu viwili tofauti.

Hatari ya sanamu za filamu ni kwamba mauzo yake hupanda na kushuka pamoja na filamu. Filamu mpya inapokaribia, rafu hukauka. Msimu ukipita, bidhaa iliyobaki huhitaji kupunguzwa bei ndipo iondoke. Wakala anapokutaka uchukue mzigo mkubwa, mwulize swali moja tu kabla ya yote: filamu au tamthilia inayofuata inatoka lini, na mzigo huu utafika dukani kabla yake au baada yake? Akikwepa, punguza oda kwa nusu au uache.

Sasa yule wa pili, mwenye sanamu za kisayansi. Asili ya anachokisema ni ya heshima. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Invicta ya Uingereza ilitengeneza dinosaria wa plastiki kwa kushirikiana na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, wote kwa kipimo kimoja cha 1:45, ili mtoto akiwaweka pamoja aone kweli nani alikuwa mkubwa kuliko nani. Mwaka 1988 Safari Ltd ya Marekani ilianzisha mfululizo wa Carnegie kwa idhini ya makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh, sehemu kubwa kwa kipimo cha 1:40, nao uliendelea hadi 2015. Kampuni hiyo imetoa pia mfululizo wake wa Wild Safari, na kampuni ya CollectA imejijengea jina kwa kutengeneza wanyama ambao hata mtu mzima inabidi asome jina lao polepole. Sanamu za namna hii huvutia mtoto ambaye ameshamaliza wale mashuhuri, anayekuja dukani na jina kamili la mnyama na kukasirika usipokuwa naye. Watoto hawa si wengi, lakini hurudi mara kwa mara, tena hawaendi na msimu wa filamu.

Neno "kisayansi" lenyewe lisikutishe, maana sanamu ni sahihi hadi tarehe ya kalibu yake tu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki humiminwa. Mfano mzuri ni Spinosaurus. Mwanasayansi wa Ujerumani Ernst Stromer alimpa jina mwaka 1915 kutokana na mifupa iliyopatikana Misri, na mifupa hiyo ikateketea mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1944 katika mashambulizi ya ndege za kivita. Kwa miongo mingi waliomchonga walimsimamisha kwa miguu miwili kama Tyrannosaurus mwenye tanga mgongoni. Mwaka 2014 utafiti ukamwonyesha akiwa na miguu mifupi ya nyuma na maisha ya majini. Mwaka 2020 ukatangazwa mkia wake, mpana kama kafi. Kila hatua ilizifanya sanamu zilizokuwa rafuni zionekane za kale, na kampuni zenye uwezo zikachonga upya. Kwa hiyo wakala wako anaweza kuwa anasema kweli kwamba baadhi ya sanamu zako zimepitwa. Asichokuambia ni kwamba za kwake nazo zitapitwa. Akisema sanamu fulani ni ya kisayansi, mwombe akueleze ilichongwa mwaka gani na ni kipi kimebadilika tangu ile ya zamani. Anayeijua bidhaa yake atakujibu papo hapo, na kwa furaha.

Hapa ndipo alipo Velociraptor wako. Mteja aliyemrudisha hakuwa mkorofi, na sanamu yako nayo haina kosa. Mwaka 2007 wanasayansi walieleza vinundu kwenye mfupa wa mkono wa Velociraptor, vya aina ile ile ambayo kwa ndege wa leo huonyesha mahali manyoya ya bawa yanaposhikia. Tena mnyama mwenyewe alikuwa na kimo cha bata mzinga hivi. Wa kwenye filamu ni mkubwa mara kadhaa na ngozi yake ni ya magamba. Mteja alitaka wa filamu, wewe ukampa wa makumbusho, na hakuna aliyewaeleza kwamba hao ni wawili. Ukiandika kikaratasi kidogo chini ya kila kundi, "kama kwenye filamu" na "kama wanavyoeleza wanasayansi", malalamiko ya aina hii yatapungua sana, na utashangaa wazazi wangapi watanunua vyote viwili ili mtoto avilinganishe.

Bila shaka kuna chapa zisizokaa vizuri katika makundi haya mawili, na ni muhimu kwako kwa sababu ndizo zinazoonekana zaidi madukani. Schleich ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina nguvu kubwa katika wanyama wa shambani na wa porini, na dinosaria wake husafiri pamoja nao. Papo ya Ufaransa inapendwa kwa uchongaji wa kina wa mikunjo ya ngozi na kwa sura zinazokaribia za kwenye sinema. Kampuni za namna hii hushindana kwa nafasi. Watakuletea stendi nzuri ya maonyesho bila malipo au kwa bei ndogo, kwa makubaliano kwamba isiwekwe chapa nyingine juu yake. Stendi hiyo ni msaada wa kweli kwa duka dogo, kwa kuwa inapanga bidhaa na kumvuta mtoto. Lakini ujue kwamba kila hatua ya sakafu uliyoitoa ndiyo malipo yenyewe. Kuna pia kampuni kama PNSO na Haolonggood za China, au Eofauna, ambazo kazi yao ni ya ustadi mkubwa na wanunuzi wake wengi ni watu wazima wanaoagiza kwa intaneti. Nazistahi sana, ila kwa rafu moja yenye watoto wa miaka mitano mbele yake nisingekushauri uanze nazo.

Kuhusu mfuko wa jirani, nitakueleza kwanza bei inatoka wapi. Gharama kubwa ya sanamu hizi hutangulia: mchongaji hulipwa, kisha kalibu ya chuma hukatwa, na kalibu moja hugharimu fedha nyingi kabla hata sanamu moja haijatoka. Baada ya hapo plastiki ni rahisi, na kinachobaki kuwa ghali ni rangi, kwa kuwa kila doa, jicho na ukucha ni hatua nyingine ya mkono wa mtu au ya kinyunyizio. Anayetengeneza sanamu za mfuko hukwepa yote mawili. Hutumia kalibu za zamani, au humwagia kalibu juu ya sanamu ya kampuni nyingine na kuinakili, halafu hupuliza rangi moja mgongoni na kumaliza. Weka moja ya hizo kando ya yako na uzigeuze zote mbili tumboni. Kwenye yako utasoma jina la kampuni, mwaka, nchi ilikotengenezwa, pengine na jina la mnyama. Kwenye nakala, mara nyingi utakuta pale palipokuwa na maandishi pamesuguliwa pakawa laini, magamba yamefifia kama sabuni iliyokwisha kutumika, na sanamu yote imekuwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

Kwa bei peke yake humwezi jirani, na usijaribu. Ila kuna jambo moja ambalo una haki na wajibu wa kulizungumza na wateja, nalo ni usalama. Plastiki laini ya PVC hulainishwa kwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo, ziitwazo ftalati, zimewekewa kikomo katika vitu vya watoto: Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2005 kwamba zile zinazohofiwa zaidi zisizidi asilimia 0.1, na Marekani ikapitisha sheria yake mwaka 2008. Kampuni zenye jina hupima bidhaa zake na zinaweza kukupa hati. Mfuko usio na jina wala anwani ya aliyeuingiza haukupi mtu wa kumwuliza. Usiende mbali zaidi ya hapo, tafadhali. Usimwambie mteja kwamba bidhaa ya jirani ina sumu, kwa sababu hujaipima, na harufu kali pekee haithibitishi lolote. Mwonyeshe tu mahali pa kutazama kwenye pakiti. Na kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, hata sanamu yako nzuri inaweza kuwa haifai, maana pembe na mikia myembamba ina ncha na vipande vidogo huweza kuvunjika. Ile alama ya uso wa mtoto ndani ya duara lililokatwa mstari haikuwekwa kama pambo.

Basi rafu ifanyweje? Kubaki na chapa moja kuna faida ambazo usizidharau: oda ni moja, punguzo la jumla ni bora, na mtoto anayekusanya anajua kwamba kwako atapata mwenzake wa yule aliye naye nyumbani, mwenye ukubwa na rangi zinazoendana. Hasara yake ni kwamba hatima yako inafungwa na ya kampuni. Waliokuwa wakiuza mfululizo wa Carnegie waliuona ukisimama baada ya miaka 27, na mfululizo ukisimama huna la kufanya ila kuuza uliobaki. Kuziweka chapa zote kwa usawa ndiyo njia ninayoiogopa zaidi kwa duka la ukubwa wako. Utajikuta na Tyrannosaurus wanne wakitazamana, mzazi amesimama mbele yao dakika tano, halafu anaondoka na wa bei ya chini au anaondoka mikono mitupu. Wanyama wanaojirudia hula mtaji kuliko chapa pinzani.

Ningekuwa mimi, ningeiacha kampuni yako ya sasa iwe nguzo, ishike kama sehemu mbili za rafu kati ya tatu, kwa kuwa imeshajithibitisha kwa wateja wako. Theluthi iliyobaki ningeijaza kwa kitu ambacho nguzo hiyo haina. Kama watoto wanaokuja wengi wao huuliza wa filamu, basi sanamu chache za filamu zenye maungio. Kama huuliza majina magumu, basi wanyama adimu wa yule wa kisayansi. Hujui ni wengi wa aina gani? Weka daftari kaunta kwa mwezi mmoja na uandike kila mnyama aliyeulizwa ukamkosa. Daftari hilo lina thamani kuliko katalogi zote mbili za mawakala. Ninashikilia pia sheria moja: mnyama mmoja asizidi sura mbili rafuni, isipokuwa Tyrannosaurus, ambaye unaweza kumruhusu sura tatu, kwa sababu huuzika kuliko wote na wapo watoto wanaomkusanya yeye tu. Na uwapange chini kuliko unavyodhani. Mtoto akimwona dinosaria kwa usawa wa macho yake atamshika, ataingiza kidole kinywani mwake kuona kama taya inafunguka, na kuanzia hapo mzazi anajadiliana na mtoto wake, si na wewe.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukutatulia. Kabla ya kusaini mkataba wowote unaotaja kiwango cha chini cha oda au unaokukataza kuuza chapa nyingine, mpe mwanasheria wa biashara ausome, na mweleze mhasibu wako mzigo huo utakaa dukani miezi mingapi kwa kasi ya mauzo yako ya sasa. Ukiletewa sanamu zenye nembo ya filamu kwa bei isiyoelezeka, usizipokee mpaka uone uthibitisho wa leseni, kwa sababu katika nchi nyingi muuzaji naye huwajibika kwa bidhaa bandia. Na ukiwahi kushuku kwamba sanamu fulani inatoa rangi mkononi au imesababisha upele kwa mtoto, iondoe rafuni siku hiyo hiyo, mwelekeze mzazi kwa daktari, na upeleke taarifa kwa mamlaka ya viwango ya nchi yako, ambayo ina maabara ya kupima.

Amebaki Tyrannosaurus anayeinama. Huyo hajaharibika, na usimrudishe kwa wakala bado. PVC laini hulegea taratibu ikibeba uzito mahali penye joto, na mnyama mwenye kichwa kikubwa anayesimama kwa vifundo viwili vyembamba vya miguu lazima aelemee mbele, hasa akiwa chini ya taa ya maonyesho au karibu na dirisha. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, kisha mtumbukize miguu tu kwa dakika moja au mbili hadi uhisi plastiki imelegea. Rangi za mwilini zisiguswe na maji ya moto bila sababu. Mnyooshe polepole kwa vidole, mpitishe kidogo nyuma kuliko unavyotaka asimame, na mwingize mara moja kwenye maji baridi sana huku umemshikilia. Mwache alale ubavu usiku kucha kabla ya kumsimamisha tena, na safari hii mweke mbali na taa.